Mvua Iliyochagua Uwanja Wetu

Alhamisi, 20 Agosti

Mvua: sifuri.

Mama aliandika mvua kwa zaidi ya miaka hamsini na hakuwahi kuzidisha mstari mmoja. Kila siku saa moja asubuhi alitoka na koti la kuogea mpaka nyuma ya nyumba, akasoma kipima mvua, akaandika. Mwisho wa mwezi alituma kadi kwa watu wa hali ya hewa, bure, bila kutarajia hata asante. Alifariki miaka sita iliyopita na kazi hiyo nimeirithi mimi. Mdomo wake mfupi sikuurithi, ndiyo maana msimu huu nimejinunulia daftari la pili, la maneno.

Nyasi ziko vizuri. Katika vyuo vinane vya ligi yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Iowa, ni Elstad peke yake inayochezea nyasi halisi. Wengine wametandika plastiki kama watu wa sebuleni. Baba alitunza uwanja huu miaka thelathini na nne, na mimi ninautunza mwaka wa ishirini na mbili. Nyumba yetu inautazama, barabara tu katikati. Baba ana miaka themanini na nane na bado ananikosoa kutoka dirishani.

Jumamosi, 5 Septemba

Tumecheza ugenini, tumefungwa. Sina la kuandika.

Jumamosi, 12 Septemba

Mechi ya kwanza nyumbani, na radi imetupiga.

Sisemi imepiga karibu. Imepiga ubao wa matokeo! Tulikuwa robo ya pili, wingu jeusi limekaa juu ya mahindi ya upande wa magharibi, mwamuzi anatazama mbingu, mimi natazama mwamuzi, na kabla hajapuliza filimbi pakawaka. Nilihisi meno yananiwasha. Ubao ulikuwa unasoma saba kwa sita, ukawa hausomi kitu. Watu elfu tatu walikimbilia magari bila hata kupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kanuni ni kwamba kila radi ikipiga mnasubiri nusu saa, ikipiga tena mnaanza kuhesabu upya. Tulisubiri saa tatu nzima. Nilijibanza ndani ya pikapu pamoja na Baba na jirani yetu Wendell Roelfs, tukinywa kahawa kwenye kifuniko kimoja cha termosi.

"Mzee, hii mvua nayo ni ya kwako?" Wendell alimchokoza Baba.

"Ningekuwa na mvua yangu ningeiuza," Baba akajibu.

Wendell alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti lake bovu. Mtu mwingine angekuwa na goti lile asingecheka utani wa mvua.

Jumatano, 16 Septemba

Mvua: robo inchi.

Wendell amekuja kucheza karata na Baba, kama kila Jumatano. "Leo nakunyoa bila maji, mzee." Amenyolewa yeye.

Alhamisi, 8 Oktoba

Corliss Mayhew wa ofisi ya wahitimu amekuja uwanjani na viatu vya kisigino, akanitobolea nyasi mara kumi na nne. Nimezihesabu.

Kumbe wanataka kuweka bamba la shaba langoni. Mechi ya mwisho ya msimu ni tarehe kumi na nne Novemba, dhidi ya Brandsvik wa ng'ambo ya mto, na mwaka huu inatimia miaka arobaini tangu ile Mechi ya Tope. Hapa Elstad mtoto anaijua Mechi ya Tope kabla hajajua kuhesabu. Mwaka 1986 Brandsvik walikuwa wametufunga miaka tisa mfululizo. Walikuwa na mkimbiaji ambaye akishaushika ule mpira wa yai na kuukumbatia kifuani, humkamati. Timu za kulipwa zilikuwa zimeshatuma watu kumtazama mara tatu. Utabiri ulisema kukavu, kwa hiyo turubai la kufunika uwanja halikutandikwa. Usiku ule mvua ikanyesha juu ya uwanja wetu na barabara yetu tu. Mitaa mingine kavu! Asubuhi uwanja ni tope tupu, mkimbiaji wao anateleza kama yuko kwenye sabuni, tukashinda tatu kwa bila, tukabeba Debe. Debe ni lile kopo la maziwa la bati, kombe letu, ambalo kwa sasa liko kwao.

Mkimbiaji huyo alikuwa Wendell. Goti lilivunjika robo ya tatu, na timu za kulipwa hazikutuma mtu tena. Alilazwa hospitali ya hapa kwetu, akamuoa nesi wetu, akahamia nyumba ya tano kutoka kwetu, sasa ni mgane na anauza mbegu za mahindi.

Watu wa Brandsvik hawakuuamini muujiza wetu hata siku moja. Kila mwaka wanakuja na vipande vya mabomba ya bustani, wanayapunga juu wakiimba, "Fungueni maji! Fungueni maji!" Sisi tunafungua miavuli kuwajibu. Wendell peke yake, Mbrandsvik wa damu, hajawahi kulishika bomba. "Mzee Orvin?" huwaambia wenzake juu ya Baba. "Yule hawezi. Mnamjua nyinyi?" Na mimi nimekuwa shahidi mkuu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, niliamka nikaiona barabara imelowa kwa macho yangu haya. Nimehadithia hivyo mara elfu.

Corliss anataka ukurasa wa Mama wa siku ile, auweke kwenye fremu chini ya bamba. "Watu waone ilinyesha inchi ngapi," alisema. Wazo zuri. Sijui kwa nini miaka arobaini hakuna aliyeuliza. Nadhani watu wa muujiza hawaulizi kipimo.

Jumanne, 13 Oktoba



Nimepanda darini baada ya chakula cha mchana nikalitoa daftari la 1986. Mwandiko wa Mama ni uleule, mdogo na ulionyooka. Nimepata Jumamosi, 8 Novemba. Nimesoma, nikafuta miwani, nikasoma tena.

"0.00. Nguo zililala kambani. Nimezianua zimekauka."

Sifuri! Kipima mvua kiko nyuma ya nyumba hii, hatua mia kutoka kwenye mstari wa goli. Kamba ya nguo iko pembeni yake. Mama, ambaye hakuandika neno la ziada hata siku nilipozaliwa (nimetazama: "0.31. Msichana."), siku ile aliandika habari za nguo.

Nilikaa juu ya sanduku mpaka miguu ikafa ganzi. Uwanja umelowa, barabara imelowa, nguo kavu. Mvua gani hiyo inayoijua barabara na haiijui kamba? Na funguo za maji ya uwanja zilikuwa na mtu mmoja tu.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua: sifuri, na tangu leo neno hilo linanichoma.

Nilimwekea Baba daftari mbele ya uji wake wa shayiri. Nilitegemea akane. Nilikuwa tayari kumuamini, hiyo ndiyo aibu yangu, angesema lolote ningelishika kwa mikono miwili. Alisoma, akalifunga, akaendelea na uji.

"Mama yako hakuniuliza," alisema. "Alilifungua daftari hapo hapo ulipoliweka wewe, akaenda zake kuosha vyombo."

"Baba, ulimwagilia uwanja?"

"Tangu saa nne mpaka saa tisa."

"Na barabara?"

"Barabara niliimwagia mwishoni." Akaniangalia. "Nilijua utatazama dirishani ukiamka."

Nilisimama pale nimeduwaa, kijiko mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa uwanja. Kwa barabara sikujiandaa. Baba yangu aliimwagia maji barabara ili mimi, mwanawe, niwe shahidi wake! Na kweli nikawa. Miaka arobaini nimesimama kwenye kila sherehe, "Niliiona kwa macho yangu," na watu wakipiga makofi.

"Kocha ndiye aliyekutuma?"

"Hakunituma mtu. Nilitaka tushinde mara moja tu, Ardis. Walikuwa wanatucheka hadi dukani." Akakwangua bakuli. "Goti la yule kijana sikulipanga."

"Wendell anajua?"

Akageukia dirisha. Ndipo nilipokumbuka theluji. Kila theluji ikianguka, tangu nikiwa msichana, Baba hutoka na mashine yake kabla ya kifungua kinywa, apite nyumba nne, aende kusafisha njia ya Wendell kwanza na yetu baadaye. Hachukui hata sumni. Mji mzima unasema tazama mapenzi ya mahasimu. Mimi pia nilisema hivyo. Mama peke yake hakuwahi kusema, na sasa ninakumbuka pia kwamba baada ya mwaka ule hakukanyaga uwanjani tena. Alidai baridi inamuumiza masikio.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Baba alisema.

"Haya hayakumwagika, Baba. Uliyamwaga."

Nimempa masharti. Amwambie Wendell mwenyewe, kabla ya tarehe kumi na nne. La sivyo nitasema mimi.

Jioni Wendell amekuja na karata zake. Wamecheza. Baba hakusema.

Jumatano, 21 Oktoba

Mvua: nusu inchi. Hakusema.

Jumamosi, 24 Oktoba

Upepo wa kung'oa paa. Mchezaji wetu alipiga teke, mpira ukaenda, ukasita angani, ukarudi kumwangukia yeye mwenyewe. Tumefungwa. Kwa siku nyingine ningecheka.

Jumatano, 28 Oktoba

Hakusema. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni kama mwizi. Wendell alikuwa anamwambia Baba kwamba Corliss amemwomba alibebe Debe siku ya mechi, kutoka upande wa Brandsvik hadi katikati ya uwanja, ishara ya udugu. "Nimemwambia sawa, ila mzee asimame na mimi. Wajinga wetu na mabomba yao watanyamaza wakituona pamoja."

Baba alisema goti lake linamsumbua. Goti lake! Nilitaka kuingia na sufuria.

Jumatano, 4 Novemba

Hakusema. Corliss amepiga simu mara tatu kuulizia ukurasa. Nimemwambia panya wamekula pembeni, nautengeneza. Kumbe uongo ni mwepesi namna hii. Nimeanza kumwelewa Baba, na sipendi.

Jumanne, 10 Novemba

Kocha Tolleson amenifuata bandani. Ni kijana mpole, anaenda kanisani, amenisaidia kubeba chokaa. Akazunguka zunguka, mara nyasi zimependeza, mara baridi imechelewa mwaka huu, kisha akatua.

"Mama Ardis, naona Alhamisi na Ijumaa ni mvua kubwa."

"Inchi mbili."

"Na Brandsvik mwaka huu wana mbio. Sisi tuna uzito." Akakwaruza chokaa kwa kiatu. "Nawaza tu. Hivi lile turubai, ni lazima?"

Miaka arobaini, na swali ni lilelile, safari hii linaulizwa mchana kweupe na mtu mwenye tabasamu!

"Unaniambia niache uwanja wazi?"

"Sikuambii kitu. Hakuna kanuni inayosema lazima ufunike. Mwenyewe si umekulia hapa? Hadithi ya baba yako..."

"Hadithi ya baba yangu unaijua?"

"Nani asiyeijua? Mungu aliwapa mvua."

Masikini, hajui. Nilimwambia turubai litatandikwa Jumatano na kwamba akinigusia tena nitalitandika juu yake.

Jumatano, 11 Novemba

Tumetandika turubai. Linahitaji watu ishirini na wamekuja tisa, kocha amewapa wachezaji mazoezi ya ghafla. Wa kumi alikuwa Wendell. Alikuja akichechemea, akapiga magoti kwa tabu, akaweka mifuko ya mchanga upande mzima wa kusini peke yake.

"Unawasaidia adui," nilimtania, maana nisipotania ningelia.

"Nataka tuwapige pakavu mara moja," alisema. "Ile nyingine ilikuwa kazi ya Mungu, sikuweza kukata rufaa."

Nikamtuma nyumbani kwa Baba anywe kitu cha moto. Nilipofika saa moja baadaye walikuwa wamekaa kimya, karata hazijagawiwa. Wendell alipoondoka nilimuuliza Baba.

"Tumezungumza," alisema, macho mezani.

Nilimbusu kichwani. Nililala usingizi wa kwanza mzuri tangu Oktoba.

Ijumaa, 13 Novemba

Mvua: inchi mbili nukta moja. Chini ya turubai kukavu.

Jumamosi, 14 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwani hakuna utaratibu.

Tuliondoa turubai saa tatu asubuhi. Jua, baridi, upepo mdogo. Sijawahi kuwa na uwanja mzuri kama ule. Saa sita watu walikuwa wamejaa, wa kwetu na miavuli, wa kwao na mabomba, "Fungueni maji! Fungueni maji!" Bamba limefunikwa kitambaa. Fremu ya Corliss ilikuwa tupu; nilimwambia ukurasa nitauleta mwenyewe, na ulikuwa ndani ya koti langu.

Wendell alitoka upande wa Brandsvik amekumbatia Debe. Baba alitoka upande wetu na tai ya mazishi ya Mama. Wakakutana katikati, Wendell akamshika bega, uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi. Mimi nilikuwa nafuta machozi, nikidhani ninaona watu wawili walioambiana na kusameheana.

Corliss alimpa Baba kipaza sauti aseme neno moja kuhusu mvua ile.

Baba alikishika kama mtu aliyepewa nyoka. Kikakoroma kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayoombea chumvi:

"Haikunyesha. Ni mimi nilifungua maji."

Watu walicheka! Walidhani mzee anatania. Kicheko kilipita jukwaa letu, kikavuka hadi kwao. Wendell naye alicheka, akamtazama Baba, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona kicheko kinavyomtoka usoni.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameambiwa kitu. Jumatano ile, kama Baba alivyokiri baadaye, walizungumza juu ya theluji.

"Mke wangu aliandika sifuri," Baba akaendelea. "Ardis anao ukurasa. Saa nne usiku hadi saa tisa nilifungua maji, na barabara nikaimwagia. Wendell, nilijua tangu uko chini pale, na nikakuacha ubebwe."

Hakuna aliyecheka tena. Watu elfu nne, na nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Za mwizi arobaini, nilijisemea, na mwizi ni baba yangu, na shahidi wake ni mimi. Mwavuli mmoja ulifungwa jukwaani kwetu, tak, kisha mwingine.

Wendell aliinama akaliweka Debe kwenye nyasi, taratibu, lisigonge. Akageuka akatembea kurudi upande wa Brandsvik, na uwanja ule ni mrefu kwa mtu wa goti moja. Alipofika kwenye uzio akanyoosha mkono. Kijana mmoja wa mstari wa mbele, hajui afanye nini, akampa kipande cha bomba.

Wendell hakulipunga. Alisimama tu, amelishika, ametuangalia. Na upande wao wote, ambao wametuimbia miaka arobaini, hakuna aliyeimba. Walikuwa wamesema kweli muda wote na nadhani kweli yenyewe iliwashtua kuliko sisi.

Nilienda nikampa Corliss ukurasa. Nikamshika Baba mkono tukatoka. Brandsvik walitupiga thelathini na nane kwa sita, kwenye nyasi kavu.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua: sifuri. Mtu ameweka mayai mabovu kwenye ngazi yetu. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi.

"Kwa nini mbele ya watu, Baba?" nilimuuliza.

"Peke yetu nilijaribu mara tano," alisema. "Kila nikifungua mdomo ananimiminia kahawa."

Jumatano, 18 Novemba

Wendell hakuja. Baba aligawa karata za watu wawili, akazikusanya.

Jumatatu, 23 Novemba

Theluji: inchi tano, ya kwanza mwaka huu.

Nilipotoka kwenda kupima, saa moja, mashine ya Baba haikuwepo bandani. Nilimfuata na soksi mbili mkononi, maana mzee wa miaka themanini na nane alikuwa ametoka na viatu vya ndani. Nilimkuta mbele ya nyumba ya tano. Mashine inanguruma na yeye amesimama nyuma yake, hasogei.

Njia ya Wendell ilikuwa safi. Imefagiwa kutoka mlangoni hadi barabarani kwa koleo la mkono, na kwenye theluji ya pembeni ilionekana jinsi alivyofanya, mguu mmoja umekanyaga, mwingine umeburuzwa. Lazima alianza gizani. Baba alikuwa anaitazama ile mistari.

"Sasa nitafanya nini asubuhi?" aliniuliza, na sijawahi kumsikia akiniuliza kitu kwa sauti ile.

Mlango ukafunguliwa. Wendell alitoka na koleo, amevaa sweta, jasho bado liko usoni. Walitazamana. Nikazima mashine.

"Njia yangu nitaisafisha mwenyewe," Wendell alisema.

"Nimeona," Baba akasema.

"Mashine hiyo sitaki kuiona hapa tena, mzee."

"Sawa."

Baba akaanza kuigeuza. Ni nzito, ilimshinda, nikamsaidia. Tulikuwa tumeshapiga hatua kama kumi Wendell alipoita.

"Jumatano. Kahawa kwangu, si kwako."

Baba alisimama lakini hakugeuka. "Nije na nini?" alisema.

"Na miguu tu," alisema Wendell. "Wewe unayo miwili."

Akaingia ndani. Nilimvalisha Baba soksi pale pale barabarani, akaniegemea, nikaanza na mguu wa kulia.